Ubao Unaposoma 46–7: Kuchezesha Mechi ya Watoto Iliyolalia Upande Mmoja

Mechi ya kikapu ya watoto ikifika 46 kwa 7 na robo ya tatu ndiyo kwanza imeanza, kila aliyemo ukumbini ana lake analolitaka kwa refa. Wazazi wa wanaofungwa wanataka aone huruma. Wazazi wa wanaofunga hawataki mtoto wao aonewe kwa kosa la kuwa hodari. Kocha aliyezidiwa anatafuta wa kumlaumu, watu wa mezani wanahesabu jinsi ratiba ilivyochelewa, na refa mwenzako, ukimtazama vizuri, ameshaacha kukimbia. Nimechezesha mechi za watoto kwa miaka mingi, na nikiulizwa ipi inamchosha mwamuzi sitaji fainali iliyoamuliwa kwa pointi 1. Fainali inakushika yenyewe, huna pa kupeleka mawazo. Hii iliyolala inakuachia nafasi tele ya kuwaza, na hapo ndipo upendeleo unapopenyea.

Ukitaja upendeleo wa refa, wengi huwaza rushwa, au mpwa wa refa anayecheza upande mmoja. Huo upo, na kuukataa si kazi kubwa kwa sababu unajulikana tangu mbali. Wa mechi hizi huja na sura ya wema. Mtoto wa timu iliyozidiwa anatembea na mpira hatua nne, refa anageuza uso. Anamsukuma mwenzake, inahesabiwa bahati mbaya. Upande wa pili mguu unateleza kidogo tu, filimbi imelia. Hakuna aliyepanga, na ukimuuliza refa huyo baada ya mechi atakuapia kwamba alipuliza sawa kwa sawa.

Niliwahi kuchezesha mechi ya wasichana wadogo na mwenzangu mmoja mwenye roho nzuri kuliko marefa wote ninaowajua. Timu moja ilikuwa imezidiwa vibaya, ndiyo hiyo 46 kwa 7. Kufikia robo ya tatu mwenzangu alikuwa ameshaisamehe kutembea na mpira, ameshaisamehe kudunda mara mbili (kuushika mpira kisha kuudunda tena), na safari moja aliirudishia mpira uliotoka nje kwa mkono wa mchezaji wake yenyewe. Jukwaa lilikuwa linampenda. Kisha kocha wa timu inayoongoza akafanya jambo la kiungwana: akawapumzisha watano wake wa kwanza, akaingiza wa benchi. Akaingia binti mmoja, jezi imemfika karibu na magoti, kaikunja na kuichomeka kwenye bukta ili isimtatize. Mpira wake wa kwanza akaudaka pembeni, akainua unyayo kabla ya kudunda. Filimbi. Wa pili, vivyo hivyo. Mara ya tatu aliudaka hatua chache kutoka niliposimama, akaganda nao kifuani. Akanitazama mimi, akauliza kwa sauti ya chini: “Refa, sasa naruhusiwa kudunda?”

Binti yule hakuwa na hata pointi 1 katika zile 46. Waliozifunga walikuwa wamekaa benchi wanakunywa maji. Wakati wa taimauti nilimwambia mwenzangu, “Kaka, hebu waangalie walioko ndani sasa hivi. Hao sio waliofunga.” Akawaangalia mmoja mmoja, akatikisa kichwa, na tukamaliza mechi vizuri.

Tangu siku hiyo, mtu akinitetea filimbi ya huruma, ninamuuliza anayeilipia ni nani. Mechi za watoto zina mtindo wake: pengo likifika 30 au 40, kocha mwenye akili anaingiza akiba. Kwa hiyo refa anapoanza kukaza upande wa wanaoongoza, anawakazia watoto waliongoja msimu mzima kupata dakika chache hizo. Uwanjani kwa wakati ule, dhaifu wapo pande zote mbili, na pengine aliye dhaifu kuliko wote amevaa jezi ya timu yenye pointi nyingi. Ubao hauwezi kukuonyesha hilo.

Wala tusidhani ni ugonjwa wa marefa wa mitaani. Mwaka 2009 watafiti Kyle Anderson na David Pierce walichapisha uchambuzi wao wa mechi za vyuo vikuu vya Marekani. Waliona kwamba kadiri hesabu ya faulo inavyozidi kuelemea timu moja, ndivyo faulo inayofuata inavyoelekea kupigiwa timu nyingine, na kwamba timu inayoongoza kwa pointi huwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupigiwa. Mwaka 2012 wachumi Joseph Price, Marc Remer na Daniel Stone waliangalia mechi za NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, wakatenganisha makosa yanayotegemea macho ya mwamuzi, kama kutembea na mpira, na yale yasiyohitaji mjadala, kama pasi mbovu inayoibwa. Katika yale ya kwanza, timu iliyo nyuma kwa pointi ilikuwa inapata nafuu. Hao ni marefa wanaolipwa, wanaorekodiwa kila pembe na kukaguliwa kila mechi. Sisi wa viwanja vya watoto, wenye filimbi na mkaguzi mmoja ambaye ni dhamiri, tuna sababu gani ya kujiona tumesalimika?

Hesabu ya faulo inastahili neno zaidi, maana ndiyo silaha kubwa ya jukwaani. “Refa, faulo 9 kwa 2! Huoni?” Ninaona sana. Timu iliyochoka na kuzidiwa mbio hufika imechelewa, na anayefika amechelewa hunyoosha mkono. Au geuza: timu inayobana uwanja mzima, yaani inayowakaba wapinzani tangu upande wao wa nyuma, hugusa sana, kwa hiyo inaweza kuwa inaongoza kwa pointi na kwa faulo pia. Mechi haina deni la kutoka na faulo sawa. Na kusamehe faulo si jambo dogo kama linavyoonekana, kwa kuwa katika sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, timu ikishafikisha faulo 4 ndani ya robo, inayofuata inampa mpinzani mitupo huru 2, na mchezaji akifikisha 5 zake anatoka. Ukiacha moja hapa na kuongeza moja pale, umeamua nani aende mstarini na nani akae benchi.

Upendeleo wa pili hausemwi sana, na unawaumiza wale wale wanaofungwa. Tuseme nyota wa timu kali anaingia na mpira kwa kasi. Mbele yake kasimama mtoto mdogo wa timu dhaifu ambaye mechi nzima amekuwa akichelewa. Safari hii amewahi. Nyayo zote mbili ziko sakafuni, amemkabili mpinzani uso kwa uso, mikono imenyooka juu. Mgongano, kishindo, nyota yuko chini. Filimbi inataka kutoka yenyewe dhidi ya yule mdogo, kwa sababu umeshamwona akikosea mara nyingi na kichwa chako kimezoea. Vivyo hivyo mtoto dhaifu akimzuia hodari mpira juu kwa juu bila kugusa mkono: jicho linakataa kuamini kwamba ameweza. Nyota naye akipora mpira kwa kumkwangua mwenzake kiganjani, unadhani kaupata safi, kwa sababu yeye huupata safi siku zote.

Dawa yake ni ile tunayofundishwa tangu kozi ya kwanza na kuisahau kila pengo linapokua: mtazame mlinzi kwanza. Alifika lini? Miguu iko wapi? Mwili umebaki ndani ya nafasi yake au umeegemea nje? Ukimtazama mwenye mpira utaona uhodari wake, na uhodari unaroga. Ukimtazama mlinzi unaona miguu tu. Miguu haina jina wala pointi.

Wapo wenzangu wanaoniambia kitabu chenyewe cha sheria kinaruhusu huruma. Kweli, FIBA katika kueleza kazi za waamuzi inawataka wapime mgusano kwa faida na hasara: kama umempa mtu faida isiyo haki, adhibu, kama ni wa kupita tu, usikate mchezo. Inawataka pia watumie busara wakizingatia uwezo wa wachezaji na mwenendo wao. Mimi nategemea sehemu hiyo kuliko nyingine yoyote ninapochezesha wadogo. Lakini kinachozingatiwa pale ni uwezo, na palipotajwa uwezo hapakutajwa pointi. Tena busara hiyo inatakiwa iwe ileile kwa kila tukio linalofanana.

Kwa vitendo mimi hufanya hivi. Dakika za mwanzo, ubao ukiwa bado mtupu, napima watoto hawa wako daraja gani. Kama ni wa miaka 9 au 10 ambao nusu yao bado wanatazama mpira wanapoudunda, basi unyayo uliosogea kidogo pasipo mlinzi karibu nauacha, kwa timu zote mbili. Kutembea ili kumkwepa mlinzi napuliza, kwa timu zote mbili. Anayekaa ndani ya eneo la sekunde 3, lile la chini ya kikapu ambalo mshambuliaji haruhusiwi kukaa zaidi ya hizo, namsemesha kwanza, “Namba 8, toka ndani,” na nikishamsemesha wa huku lazima nimsemeshe na wa kule. Kiwango hicho sikigusi tena hadi mwisho. Filimbi ikinijia mdomoni nikiwa na shaka, najiuliza kama ningeipuliza ubao ungekuwa 10 kwa 10.

Niongeze hapa, kwa faida ya wazazi wanaopiga kelele “katembea!” kila baada ya dakika: tangu mabadiliko ya FIBA ya mwaka 2017, mchezaji aliye mwendoni anapoudaka mpira au kumaliza kudunda anaruhusiwa hatua mbili baada ya kuushika sawasawa, na mguu uliokuwa chini wakati anaushika hauhesabiwi. Hatua nyingi zinazoonekana tatu kutoka jukwaani ni halali. Watoto wa timu dhaifu ndio huponzwa na hili zaidi, kwa kuwa hatua zao ni nzito na hazina madaha. Refa asiyeijua sheria vizuri huwapigia kwa ubaya wa mwendo tu.

Mtihani wenyewe ulinijia kwenye mechi nyingine, ya wavulana. Robo ya nne, timu moja haijafunga tangu mapumziko. Mvulana mmoja mnene kidogo, aliyehangaika mchana kutwa bila kuchoka, akaupata mpira chini ya kikapu. Akageuka. Akageuka tena kwa mguu mwingine, mlinzi akapitwa, akatupa, mpira ukaingia. Ukumbi mzima ukasimama, hadi benchi la wapinzani wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimeshapuliza. Alibadilisha mguu wa mhimili, ule aliokwisha kuusimika sakafuni, na kwa kufanya hivyo alimkwepa mlinzi, yaani ndiyo sababu hasa ya sheria hiyo kuwapo. Zomeazomea niliyoipata sijaisahau. Wakati mpira unatafutwa nilimpitia, nikamwonyesha kwa mguu wangu: “Huu ukishausimika, ukiung’oa usiurudishe chini kabla mpira haujatoka mkononi.” Akaitikia kwa kichwa. Hakufunga tena siku ile.

Mlangoni mama yake alinisubiri. Hakunitukana, na afadhali angenitukana. Alisema, “Refa, ungepungukiwa na nini?” Nikamwambia, “Mama, yule aliyekuwa anamkaba alisimama vizuri. Alifanya alichofundishwa.” Alinitazama kidogo akaondoka, na sidhani kama nilimridhisha. Hata mimi jibu lile nilikuwa nalitafuta huku nikilisema, lakini sijapata lililo bora hadi leo. Mlinzi yule naye alikuwa wa benchi, alikaba kwa miguu bila kumshika mwenzake jezi, na ningekiruhusu kikapu kile ningekuwa nimemfundisha kwamba kukaba kihalali ni kazi bure. Kuna marefa ninaowaheshimu ambao wangekiacha. Tumebishana nao na tutaendelea kubishana.

Ninachokubaliana nao ni kwamba pengo kubwa ni tatizo la kweli, ila si la filimbi. Januari 2009, jijini Dallas, mechi ya wasichana wa sekondari iliisha 100 kwa 0. Ilikuwa 59 kwa 0 mapumziko. Shule iliyoshinda iliona aibu ikaomba radhi hadharani, na kocha wake, aliyepinga kuomba radhi, akafukuzwa. Iwapo alistahili kufukuzwa sina hakika. Ila ukiitazama mechi ya namna hiyo unajua vya kuipunguza makali viko kwa nani: kocha anaweza kuacha kubana uwanja mzima, anaweza kuwaambia wachezaji wapige pasi kadhaa kabla ya kutupa, anaweza kuingiza akiba mapema. Waandaaji wanaweza kuweka sheria ya saa isiyosimama pengo likifika kiasi fulani, na kukataza kubana nyuma ya mstari wa kati. Refa hana hata kimoja. Akijitengenezea chake kwa kugawa makosa, amefanya ukocha na uandaaji kwa siri, tena bila kuulizwa na mtu.

Mwaka 1891, James Naismith alipoandika sheria zake 13 kule Springfield, Massachusetts, aliweka waamuzi wawili: mmoja wa kuwaangalia watu na mmoja wa kuuangalia mpira. Huyo wa mpira alipewa pia kazi ya kutunza saa na kuhesabu magoli. Ya kuyasawazisha hakupewa.

Naulizwa kama ni halali kumnong’oneza kocha anayeongoza aache kubana. Mimi sifanyi. Ila kama sheria ya mashindano imekataza kubana huko, hilo ni jambo jingine. Kwa hapo simnong’onezi, napuliza. Ubabe wake ni juu yake. Naongea naye likija suala la usalama, na suala hilo huja karibu kila mara.

Robo ya mwisho ya mechi iliyokwisha mapema ndiyo ninayoihofia zaidi. Mtoto aliyeaibika huanza kusukuma mgongoni mwenzake aliye hewani. Aliyechoka kushinda huanza mbwembwe, anamcheka aliyeanguka. Na marefa, hapo hapo, ndio tumelegea: tunatembea badala ya kukimbia, tunatazama kutoka mbali, tunataka dakika ziishe. Kule kusamehe vigusano “kwa kuwa mechi imeshaamuliwa” ndiko kunakozaa kifundo cha mguu kilichoteguka. Kwa hiyo faulo isiyo ya kiuanamichezo ni hiyo hiyo hata anayeicheza akiwa nyuma kwa pointi 40 na machozi yanamlengalenga. Dharau za anayeongoza nazo namwonya mara moja, kisha faulo ya kiufundi, ile ya utovu wa nidhamu. Kocha anayefungwa ana haki ya kuumia, lakini maneno nisiyoyavumilia kwa yule mwingine siyavumilii kwake. Kwa upande wangu najilazimisha kukimbia hadi mstari wa mwisho kila shambulio. Mwenzangu akiniona nakimbia naye hukimbia, na tukiwa karibu na tukio hatuhitaji kubuni.

Kuhusu refa kuonyesha hisia zake usoni sitasema mengi. Nilishaona refa akimpigia makofi mtoto aliyefunga kikapu chake cha kwanza. Ni kitendo kizuri kikifanywa na mtu wa jukwaani.

Lililobaki ni la waandaaji, na laiti lingefanywa mapema lingetuondolea nusu ya ugomvi huu. Kama mashindano yenu yana sheria ya pengo, iandikwe. Pengo likifika pointi ngapi saa inaacha kusimama? Ni tangu robo ya kwanza au kuanzia ya tatu? Pengo likipungua, saa inarudi kawaida au ndiyo basi? Inasimama kwa taimauti, kwa majeruhi na kwa mitupo huru? Kubana uwanja mzima kunaruhusiwa hadi lini? Nimeona meza nzima ikibishana juu ya hayo huku watoto wamesimama katikati ya uwanja wanapigwa baridi, kila kocha akidai alivyoambiwa kikaoni. Mkiniita kuchezesha, niwekeeni karatasi hiyo mezani, na makocha wote wawili wawe wameshaisaini kabla watoto hawajaanza kupasha misuli.